Kalenda moja, nyuso nyingi: kutoka Nairuzi hadi kioo janja cha Garsen

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Nilikuwa nyumbani Garsen, nikitengeneza kioo. Naam, kioo! Na kioo hicho kimenifundisha historia ambayo sikuipata shuleni. Ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Kwa wasiojua, kioo janja ni kitu rahisi. Unachukua skrini ya zamani ya kompyuta, unaweka mbele yake kioo kinachoakisi huku kikipitisha mwanga kutoka nyuma, kisha unafunga kompyuta ndogo mgongoni. Mimi nimetumia Raspberry Pi, ile familia ya kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Skrini ikiwa nyeusi haitoi mwanga, basi unajiona uso wako. Ikiandika kwa rangi nyeupe, maandishi yanaelea juu ya sura yako. Mholanzi Michael Teeuw alitengeneza chake mwaka 2014, akaigawa bure programu yake iitwayo MagicMirror. Toleo la MagicMirror² limegawanywa vipande: kipande cha saa, cha hali ya hewa, cha kalenda. Yeyote anaweza kuongeza chake. Hii ndiyo raha ya programu huria.

Nilikitundika sebuleni kwa mama. Nilichokitaka hasa ni kalenda, maana mama ana miadi ya kliniki, vikao vya chama, harusi na matanga, na ndugu waliotawanyika Hola, Malindi na Mombasa.

Siku ya tatu kioo kikatukosesha basi.

Mama alikuwa na miadi hospitalini Malindi siku ya Jumanne. Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Niliingiza kwenye kalenda kama ninavyofanya kazini: 08:00. Jumatatu jioni kioo kikaandika, kwa Kiswahili safi kabisa: "kesho saa 08:00". Asubuhi mimi nikatoka mapema kwenda kumsaidia rafiki, nikijua mama ameona. Niliporudi saa tatu nikamkuta anawapa kuku chakula, hana wasiwasi wowote.

"Mama, basi je?"

"Basi ni saa nane, mwanangu. Si kioo chako kimesema?"

Ningemjibu nini? Saa nane ni saa nane. Miadi ikasogezwa mwezi mzima mbele, na dawa zikabidi zigawanywe zifike. Kosa halikuwa la mama, wala la hospitali, wala la basi. Lilikuwa langu mimi niliyeweka kioo bila kujiuliza nani atakisoma.

Nikafungua msimbo kutafuta sentensi ile imetoka wapi. Kipande cha kalenda nilichokuwa nacho kilitegemea moment.js, maktaba ya JavaScript iliyotumika na tovuti nyingi sana duniani kabla wenyewe hawajatangaza mwaka 2020 kwamba hawataiongezea mambo mapya. Ndani yake kuna faili la Kiswahili. Majina ya miezi yapo, majina ya siku yapo, neno "kesho saa" lipo. Lakini baada ya neno "saa" programu inabandika tarakimu za saa ya Kizungu. Maneno yetu, hesabu ya wengine. Hapo ndipo nikaanza kuchimba historia.

Tuanze na saa yenyewe. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na hii si ushamba. Garsen iko nyuzi mbili na ushei tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza karibu wakati uleule. Tofauti haifiki hata saa moja. Mtu wa London akihesabu tangu macheo, saa zake zitayumba kati ya majira ya joto na ya baridi. Kwetu hazitikisiki. Kwa hiyo macheo ni mwanzo wa hesabu unaofaa kabisa, kifaa ambacho hakihitaji betri.

Serikali ya kikoloni ilipoleta saa rasmi, yenyewe ilihangaika nayo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kenya imewahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, ikarukia saa tatu, ikarudi mbili na nusu, kisha ikaingia saa mbili na dakika 45. Hatimaye ikatulia kwenye saa tatu tunazotumia leo. Msidhani natania: mabadiliko hayo yamo kwenye hifadhidata ya kanda za saa iliyo ndani ya simu yako, chini ya jina Africa/Nairobi. Na hizo saa tatu zinafuata mstari wa longitudo 45, ulio mashariki ya Kenya yote. Garsen iko karibu na 40. Kwa hesabu rahisi, jua letu liko nyuma ya saa rasmi kwa dakika ishirini hivi. Saa ya ukutani nayo ni makubaliano tu.

Sasa kalenda. Kabla ya karatasi za ukutani, pwani yetu ilikuwa na mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Mwaka huo una siku 365, nazo huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Miongo 36 na siku tano za mwisho. Nahodha mashuhuri Ahmad ibn Majid, aliyeandika katika karne ya 15, alitaja siku za kufunga safari kwa kuhesabu tangu Nairuzi. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, mvuvi alijua mwongo wa bahari kuchafuka. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea mwaka huo kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Tazama jinsi ulivyotengenezwa! Kumi kumi, kwa sababu chombo cha kuhesabia kilikuwa vidole. Leo tungesema kalenda hiyo ilirekebishwa kulingana na kifaa. Ina hitilafu moja: haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea polepole dhidi ya jua. Lakini nani kati yetu ameandika programu isiyo na hitilafu?

Kando yake kuna mwaka wa mwezi mwandamo, na huo nao tuliutengenezea uso wetu. Baada ya Ramadhani, badala ya majina ya Kiarabu, tukaanza kuhesabu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Siku inaanza magharibi, si saa sita usiku. Ukimwambia mzee "usiku wa Ijumaa" anaelewa usiku ambao simu yako inauita Alhamisi. Umeona mtego mwingine hapo kwa mwandishi wa programu?

Kisha zikaja kengele. Wamisheni wa Kimethodisti walifungua kituo Golbanti, kwenye delta yetu, mwaka 1885. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafika kwa Wapokomo mwaka 1887, wakajikita Ngao. Pamoja na kanisa na shule ikaja Jumapili ya kupumzika na miezi ya Januari hadi Desemba. Ndiyo maana hadi leo, ukifuata mto kutoka chini kwenda juu, unapita kutoka kwa Wapokomo ambao wengi ni Wakristo kwenda kwa wale ambao wengi ni Waislamu, na Waorma wafugaji wakiwa pande zote. Kalenda tatu kwenye mto mmoja.

Na mto wenyewe ni kalenda ya nne, labda ya kwanza. Mkulima wa Tana hupanda mpunga na mahindi maji yanaposhuka na kuacha tope. Mfugaji huja na ng'ombe mtoni malisho ya mbali yanapokauka, akipitia njia za mifugo ziitwazo malka. Kila mmoja anasoma siku zake kutoka kwa maji yaleyale. Kisha yakaja mabwawa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Stima ikapatikana, lakini mafuriko ya msimu yakapungua na kupoteza mpangilio wake. Kalenda ya mto ikavurugwa, na hakuna aliyetuletea toleo jipya. Sisemi mabwawa pekee ndiyo chanzo cha ugomvi. Ardhi, siasa na ukame vimo. Lakini mwaka 2012, zaidi ya watu 100 walipouawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, jambo lililokuwa katikati lilikuwa nani afike kwenye maji, wapi na lini.

Basi unaweza kuuliza, haya yote yanahusiana vipi na kioo cha sebuleni? Yanahusiana hivi. Wataalamu wa kompyuta waligundua zamani kwamba habari na sura yake ni vitu viwili. Mwaka 1998 yalitoka mambo mawili: CSS2, iliyoruhusu ukurasa mmoja uwe na sura tofauti kwa skrini, kwa karatasi na kwa kifaa cha mkononi, na iCalendar, namna moja ya kuandika tukio ili kalenda yoyote ilisome. Mwaka 2012 vipimo vya upana wa skrini ndani ya CSS vikawa kanuni rasmi. Wazo ni lilelile: andika tukio mara moja, lionyeshe kulingana na kifaa. Walichosahau wengi ni kwamba kifaa cha mwisho ni mtu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Faili la kalenda ni moja tu, na saa zimehifadhiwa kwa namna ya kimataifa. Kisha nimelipa nyuso tatu.

Uso wa kwanza ni kioo. Kinasomwa kutoka hatua mbili tatu, kwa hiyo kinaonyesha mambo manne tu, maandishi makubwa, mandharinyuma meusi. Saa ni ya Kiswahili: unaongeza sita, unagawanya kwa kumi na mbili, unachukua baki, na baki ikiwa sifuri unaandika kumi na mbili. Kisha unaongeza neno la wakati. 08:00 inakuwa "saa 2 asubuhi". 14:00 inakuwa "saa 8 mchana". Tarehe ya mwezi mwandamo ipo pia, lakini kwa Idi nimeweka neno "huenda", kwa sababu kompyuta inakadiria na mwezi huonwa kwa macho.

Uso wa pili ni simu janja. MagicMirror inaweza kufunguliwa na kifaa kingine nyumbani ukiiruhusu kwenye mipangilio yake, lakini sura ya kioo imebandika vitu kwenye kona, na kwenye simu vinapandana. Katika faili la custom.css nimeandika kwamba skrini ikiwa nyembamba, kila kitu kijipange safu moja, na mambo yawe kumi badala ya manne. Hapa ndugu zangu wa Mombasa wakitutembelea wanaona saa zote mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu.

Uso wa tatu ndio ninaojivunia: mulika mwizi ya shangazi. Haina intaneti. Kila jioni anapata ujumbe mmoja wa herufi zisizozidi 160. Angalizo kwa wenzangu: ukiandika ng'ombe kwa alama ile iliyopinda badala ya iliyonyooka, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Ng'ombe mmoja anakula nusu ya ujumbe!

Na kwenye nyuso zote tatu kuna mstari mmoja wa ziada: Mto. Huu hauna fomula. Mjomba aliyeko Hola akiona maji yanapanda anapiga simu, nami naandika. Likitoka tangazo kwamba Masinga imejaa na inamwaga, naandika pia. Mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024 maji yalikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na waliojua mapema walihamisha magunia na mbuzi wao. Siku chache za kujua kabla ni mali.

Mwezi ulipofika, Jumatatu jioni kioo kiliandika "Kesho saa 2 asubuhi: basi la Malindi". Mama alikisoma kwa sauti, akarekebisha mtandio wake palepale kwenye kioo, kisha akaniuliza, "Saa mbili ya kwetu au ya kwenu?"

"Ya kwetu, mama."

Saa moja na nusu alikuwa stendi. Lakini swali lake sijalisahau. Ukitengeneza programu yoyote yenye saa ndani yake, mweke mtu wa kukuuliza hivyo kabla hajakosa basi.

Haya, tukutane tena wiki ijayo, stima ikiruhusu.