Historia Fupi ya Manzese, Mahali Tunapopeleka Mzigo Wetu



Katika kitabu hiki cha miaka kumi wenzangu wameshaeleza jinsi tulivyoanza, hisa zilivyopanda na matatizo yaliyotupata njiani. Mimi kama mwenyekiti kamati iliniomba niandike upande wa historia. Wengi walitegemea nitaandika ya hapa Sanya Juu. Lakini hiyo wazee wapo na wanaijua kuliko mimi, mtu wa darasa la saba. Nimeona niandike habari za Manzese ya Dar es Salaam. Msicheke. Fungueni daftari la mikopo muone wenyewe: mkopo wa maharage, mkopo wa ndizi, mkopo wa balo la mitumba. Fedha hizo zimekwenda Manzese zikarudi na riba, na hakuna hata mwanachama mmoja aliyegawana faida mwisho wa mwaka ambaye hakuonja ya Manzese, hata kama hajawahi kuvuka Same.

Kwa wasiofika nieleze kidogo. Ukishuka Boma Ng'ombe ukashika basi la Dar, unapita Same, Mombo, Korogwe, Chalinze na Kibaha, halafu unaingia jiji kwa Barabara ya Morogoro. Ukishaziacha Kimara na Ubungo, kabla hujafika Magomeni, hapo ndipo Manzese. Nyuma yake ni Tandale kwenye soko kubwa la nafaka. Ng'ambo ya barabara ni Mabibo kwenye soko la ndizi wanaloliita Mahakama ya Ndizi. Kwa hiyo mama wa kutoka mlimani anashusha maharage Tandale au ndizi Mabibo, analala Manzese, kesho yake ananunua viatu na nguo za mitumba hapo hapo, anakuja kuziuza gulioni kwetu. Haendi mikono mitupu wala harudi mikono mitupu. Biashara yenyewe ni hiyo.

Sasa tuje kwenye jina. Sisi tulipokuwa wasichana, ukitaja Manzese watu wanashika mifuko. Eti ni kwa vibaka, ni kwa gongo, ni kwa wanawake wa baa. Mwaka 1996 nilipotaka kwenda mara ya kwanza na magunia mawili ya maharage, shemeji yangu mmoja alisema mbele ya wazee kwamba mke akishalala Manzese harudi akiwa mke. Nilienda. Lakini si kila mtu ana mume kama wangu, aliyenyamaza akanipa nauli. Hata kikundi chetu kilipoanza mwaka 2015, wapo wenzetu ambao waume zao walikataa kuweka sahihi kwenye fomu ya mkopo kwa sababu tu ya neno hilo, Manzese. Mmoja alikosa msimu mzima, maharage yakamwozea ghalani, na bei mwaka ule ilikuwa nzuri. Hasara ile hakuileta kibaka wala mvua. Ililetwa na jina. Ndipo nikaanza kuuliza, kila ninapolala kule, jina lile lilitoka wapi.

Zamani za Waingereza Dar es Salaam ilikuwa imegawanywa. Wazungu walikaa kando ya bahari, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Baadaye wakajengewa Magomeni, Temeke na Kinondoni. Manzese haikuwa mji. Yalikuwa mashamba ya Wazaramo, minazi na mikorosho pembeni ya barabara. Baada ya Uhuru mwaka 1961 watu wakaanza kumiminika kutoka bara kutafuta kazi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapata 273,000 Dar es Salaam nzima. Ile ya 1978 ilikuta zaidi ya 750,000. Watu hao wangelala wapi? Viwanja vya serikali vilikuwa vichache na foleni ndefu. Basi mtu anaelewana na mwenye shamba, anamlipa fidia ya minazi yake, anasimamisha nyumba ya miti na udongo, akipata kidogo anaezeka bati. Nyumba zenyewe mnazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Chumba kimoja unakaa mwenyewe, vingine unapangisha. Bibi mwenye nyumba tunakolala sisi alikuja kutoka Kilosa miaka ya sabini, na kodi ya vyumba vitano ndiyo iliyosomesha wanawe.

Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, karibu kabisa na Manzese. Hapa kina mama wa umri wangu mtakumbuka. Khanga na vitenge vya Urafiki vilifika mpaka huku mlimani, mama zetu walivikunja sandukuni kwa ajili ya harusi na misiba. Aliyekuwa kwenye mashine za kiwanda kile, wengi wao walitoka zamu usiku wakaenda kulala chumba cha kupanga Manzese. Yaani tulikuwa tunavaa kazi ya mikono ya watu wale wale tuliokuwa tukiwaita wahuni!

Lakini kwenye makaratasi ya mji watu hao hawakuwa na hati, wala namba ya kiwanja. Miaka ya mwanzo baada ya Uhuru dawa ya makazi ya namna hiyo ilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 serikali ikageuza msimamo, ikaona afadhali kuyaboresha yalivyo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaingizwa kwenye mpango wa kupatiwa barabara, mitaro na maji. Mimi naona hapo ndipo majina yalipoachana. Sinza ilianza na ramani, ikaitwa mahali pa watu wenye mpango. Manzese ilianza na watu, ramani ikaja baadaye ikipenya katikati ya nyumba, na mpaka leo wanaihesabu kuwa ni ya vichochoro. Ukiwachukua mmoja wa Sinza na mmoja wa Manzese, wote wametoka mkoani na sanduku moja.

Halafu ikaja miaka migumu, baada ya vita vya Kagera. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Binti wa mwanachama wetu anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi alinisomea habari za mtafiti mmoja, Aili Mari Tripp, aliyezunguka Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, kitabu chake kikatoka 1997. Mama yule alikuta mshahara wa mfanyakazi unalisha nyumba siku chache tu za mwezi. Siku zilizobaki zililishwa na nani? Na mama anayekaanga maandazi na vitumbua, anayeuza mchicha, anayeshona, anayefuga kuku uani. Na wanawake wale walikuwa wanacheza upatu! Binti aliponisomea hapo nilimwambia arudie. Sisi tulifundishwa mambo ya hisa mwaka 2015 kwa semina na soda, tukajiona wa kwanza duniani, kumbe wenzetu wa Manzese walikuwa wanachangishana siku nyingi, bila sanduku la funguo tatu, kwa kuaminiana tu.

Na wakati huo huo wakawa wanakamatwa. Mwaka 1983 ilipita sheria ya Nguvu Kazi. Asiyeweza kuonyesha kazi inayotambulika aliitwa mzururaji, anapakiwa kwenye gari, anarudishwa kijijini au anapelekwa mashambani. Nilikuwa bado shule ya msingi, na nakumbuka watu walivyokuwa wanashuka kwenye magari hapa wakiwa wamenyong'onyea, hawana hata kapu. Kukaanga maandazi haikuhesabiwa kazi. Ndiyo maana nasema jina baya lile halikutokana na wezi peke yao. Mtu akishaitwa mzururaji na serikali, jirani ataogopa nini kumwita mwizi?

Sisemi vibaka hawakuwepo. Walikuwepo, na mimi mwenyewe nilichomolewa pochi kwenye msongamano, fedha ya gunia zima. Gongo ilipikwa. Pale Uwanja wa Fisi, upande wa Tandale, mambo yake kila mtu anayajua. Ila mahali pamoja palitosha kuwapaka matope watu wote. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapata 70,000 katika kata ya Manzese peke yake. Wangekuwa vibaka wote hao wangemwibia nani? Na sisi tusijitoe. Kule Manzese kila duka la Mchaga ni la "Mangi", na wanasema Mchaga ukimwangushia sarafu hata akiwa amezimia ataamka. Tunacheka, lakini tunajua uchungu wake.

Jina lilianza kugeuka kwa biashara. Katikati ya miaka ya themanini masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa, mitumba ikafunguka, na Manzese ikawa mahali ambapo hata mwenye gari lake anakuja Jumamosi kuchagua viatu. Anakuja asubuhi, amefunga vioo, lakini anakuja. Mwaka 1999 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikafunguliwa Ubungo, hatua chache kutoka hapo, nasi wa mikoani tukaona Manzese ni jirani ya stendi, gesti za bei nafuu zipo, chakula kipo.

Halafu vijana wakaibeba kwa muziki. Kundi la Tip Top Connection lilikuwa la Manzese, na Madee akajulikana kama Rais wa Manzese. Dogo Janja, mtoto wa Arusha hapa jirani, aliondoka kwao akaenda kujiunga nao. Mimi muziki wenyewe siuelewi sana, unanipigia kelele. Lakini nilishangaa mwanangu wa kiume, ambaye baba zake wadogo walikuwa wananisema, ananiuliza kwa heshima, "Mama, ukiwa Manzese huwa unamwona Madee?" Nikamwambia huwa naona madalali wa maharage, na wao ni marais vile vile, wanajipangia bei.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara kwenda mjini, yakipita katikati ya Manzese kwenye njia yake. Barabara ilipanuliwa, na majengo ya pembeni yaliyoingia kwenye eneo lake yakavunjwa. Wilaya nayo ni nyingine, Manzese siku hizi ni ya Ubungo, haimo tena Kinondoni. Mwaka 2021 stendi ya mikoani ilihamia Mbezi, kwa hiyo sisi tunashuka mbali zaidi, na mwaka huo huo wamachinga wakaondolewa pembezoni mwa barabara kuu. Kiwanda cha Urafiki hakina tena mwendo wake wa zamani. Lakini ukitazama kando ya barabara ghorofa zinaota, na ardhi ambayo zamani ililipwa kwa hesabu ya minazi sasa watu wanaiuliza bei kwa simu kutoka mbali.

Wale waume waliokataa kuweka sahihi, wawili kati yao siku hizi ndio wanaosindikiza mizigo mpaka Boma Ng'ombe na kumpigia dalali wa Tandale kumgombeza habari za lumbesa. Mmoja bado anakataa. Mkewe anatoa mzigo kwa kumpa mwenzake amuuzie, anamkatia kidogo kila gunia. Tumeliongea hilo kwenye kikao, na kamati imekubali mwanachama wa namna hiyo asilipishwe faini ya kutofika sokoni mwenyewe.

Jambo lililobaki ni la chumba. Tangu mwaka wa nne wa kikundi tunapanga chumba kimoja Manzese kwa yule Bibi wa Kilosa, ambamo mama akifika usiku anaweka mzigo wake na kulala bila kulipa gesti. Nauli za bodaboda za kuhangaika usiku zimekwisha, na hakuna mume anayeuliza tena mkewe alilala wapi, kwa sababu namba ya Bibi wote wanayo. Bibi ni mzee sasa. Wanawe wamepata mteja anayetaka kununua nyumba ile avunje, ajenge maduka. Bibi ametuambia hatasaini akiwa hai, lakini wanawe wanamsukuma, na hati hana, ana karatasi ya mjumbe tu. Kodi yetu imelipwa mpaka Desemba. Wapo wanaosema tutafute chumba Mbezi karibu na stendi mpya, na wapo, mimi mmojawapo, wanaosema Mbezi ni mbali na Tandale, tuongeze kodi tubaki na Bibi mpaka mwisho. Tumeliweka la tatu kwenye ajenda ya mkutano mkuu, baada ya mapato na matumizi.