Vita na Nchi katika Mitaa ya Kariakoo

Mgeni ashukaye pantoni pale Magogoni aghalabu huelekezwa upande wa Ikulu na makanisa ya zama za Wajerumani, kana kwamba taarikhi yote ya Dar es Salaam imeishia ufukweni. Ufukwe una haki yake, kwani hapo jirani ndipo palipokuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi, na hapo ndipo Sayyid Majid bin Said wa Unguja alipoanza katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya, ambao alipofariki mwaka 1870 nduguye Sayyid Barghash hakuuendeleza. Lakini mtu atakaye kuijua jiografia ya nchi hii bila ya kupanda basi la mikoani, nami ningemshauri avuke Mnazi Mmoja, kile kiwanja ambacho watawala walikiacha wazi ili kuwatenga Waafrika na majirani zao, aingie Kariakoo na kusoma vibao vya mitaa.

Huko atakuta Pemba na Mafia, Lindi na Likoma, Magila ya wamisionari na Udowe, Nyamwezi na Kongo. Tena akiuliza uliko Msikiti wa Manyema ataonyeshwa, na atakuwa amefika kwa kaumu iliyotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo. Hali kama hii iko Barcelona, nchini Hispania, ambako mji ulipotanuliwa katika miaka hiyo hiyo ya Sayyid Majid, mshairi na mwanahistoria Víctor Balaguer aliombwa kuipa mitaa majina, naye akaipanga kwa makusudi: hapa nchi za ufalme wa kale wa Aragon, kama Valencia, Mallorca, Sicilia na Napoli, na pale vita mashuhuri, kama Bruc na Bailén vya mwaka 1808.

Kariakoo nayo ina vita vyake, ingawa wapitao hapo na mikokoteni hawana habari navyo. Narung'ombe ni mahali katika sehemu za Kilwa walipopigana Waingereza na Wajerumani mwezi wa Julai 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Tandamti ni kilima karibu na Lindi kilichomwagiwa damu mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Na Mahiwa, mwezi wa Oktoba, ni pale jeshi la Waingereza, lenye askari wengi kutoka Nijeria, lilipopata hasara ya watu zaidi ya 2,000 kwa siku chache tu. Ni dhahiri basi kwamba majina haya hayakutolewa na Mjerumani, ambaye mwaka 1916 alikwisha kuutoka mji.

Mjerumani aliacha jengo la soko ambalo vita vilimkuta hajalifungua. Waingereza wakapafanya mahali hapo kambi ya wapagazi wao, wale wa Carrier Corps (ndilo jina lililogeuka Kariakoo), waliobeba unga, risasi na majeruhi katika njia ambazo gari halikupita na punda walikufa kwa ndorobo. Wapagazi waliohesabiwa kufa katika jeshi la Waingereza peke yake walizidi 40,000, na wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa, si kwa bunduki. Sanamu ya shaba iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki; mpagazi ametajwa katika maandishi ya msingini, na kwa maoni yangu haitoshi.

Baada ya vita soko likafunguliwa, na kando yake zikasimama nyumba za Kiswahili za vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko na choo, ambamo Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija walipanga mlango kwa mlango na kuteka maji pamoja. Nyumba hizo sasa zimebaki chache, zimebanwa na maghorofa. Soko lenyewe lilijengwa upya kwa mchoro wa msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege lenye umbo la miavuli liliwekwa makusudi lipokee mvua na kuiteremsha katika matangi yaliyo chini. Ni kazi ya hekima, na moto wa Julai 2021 uliotia hasara kubwa haukuiondolea hadhi hiyo.

Uhuru ulipokuja, Mtaa wa Kichwele ukaitwa Uhuru, na New Street, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ukapewa jina la Lumumba. Tandamti, Mahiwa na Narung'ombe, majina ya vita vya wakoloni wawili wakigombea ardhi isiyokuwa yao, hayakuguswa. Nami sioni dosari, kwa sababu waliobeba mizigo huko hadi wakaanguka walikuwa ni babu zetu.