Meli, Ubao na Kishikwambi: Neno la Kwanza Ziwa Nyasa

Pwani ya Ruvuma haikusubiri barabara ili ijue kusoma. Shule ilikuja kwa maji. Waanglikana wa UMCA walijikita kisiwani Likoma mwaka 1885, na mwaka 1901 wakashusha ziwani meli Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow na kuletwa vipande vipande. Meli hiyo ilikuwa zahanati na shule inayoelea. Ilipita vijiji vya pande zote, bila kujali sana kwamba Wajerumani na Waingereza walishagawana eneo hili mwaka 1890.

Ilifundisha kwa lugha gani? William Percival Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928, alitafsiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma. Maana yake, wapo wazee wa mwambao huu ambao neno lao la kwanza kulisoma halikuwa la Kiswahili. Lilikuwa neno la ziwa.

Huku juu Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kiswahili nacho kilikuwa kinapanda milima. Serikali ya Kijerumani ilikitumia katika shule na ofisi zake, Waingereza wakaunda Kamati ya Lugha mwaka 1930 kusanifisha tahajia, na mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Hapo ndipo ubao wa silabi ulipotawala: ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima linaimba, mwalimu anagonga kwa fimbo.

Ubao ule ulifaa, kwa sababu tahajia ya Kiswahili ni ya huruma: ukilisikia neno, karibu umeshaliandika. Kiingereza sivyo. Ndiyo maana Texas Instruments walipotoa Speak & Spell mwaka 1978, mashine ilitamka neno na mtoto akahangaika kubonyeza herufi zake. Kwa Kiswahili mchezo huo ungeisha mapema. Kazi ya mtoto wetu ni nyingine: kuunganisha silabi haraka mpaka neno lijitokeze lenyewe, tena liwe neno analolijua.

Programu za karne hii zililazimika kulielewa hilo. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana tuzo. Na onebillion walianzia wapi kabla ya Tanga? Malawi, kwa Kichewa, ndugu wa karibu wa kile Kinyanja cha Likoma. Ng'ambo ya maji yaleyale.

Sasa mfikirie mtoto wa milima ya Umatengo. Nyumbani anasikia Kimatengo, lugha yenye irabu saba. Kishikwambi kinampa tano, kisha kinamwonyesha picha na kumtaka atambue jina lake kwa Kiswahili. Akikosa, mashine inahesabu kwamba hajui kusoma. Huenda silabi amezisoma sawasawa, ila neno lenyewe hajawahi kulisikia. Mwalimu mzuri hugundua tofauti hiyo kwa kumtazama mtoto usoni. Programu haigundui mpaka mtu aiandikie lugha ya mtoto huyo.

Si kwamba Kiswahili kilikosea njia. Bila hicho, wa Mbinga na wa Tanga wasingesomana. Lakini tangu enzi za meli chombo kimebadilika mara mbili, na kila mara aliyekileta ndiye aliyechagua neno la kwanza.

Mara hii kuna tofauti moja. Programu za fainali ya shindano lile ziliachwa wazi, yeyote azichukue na kuzibadili. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vya makarani vilipelekwa kwa walimu. Kinachohitajika ni watu wa Mbinga na Nyasa wakae na kutaja maneno: la mahindi, la kahawa, la mtumbwi, la dagaa, kama bibi anavyoyatamka. Mtoto aanze na hayo, kisha avuke kwenda Kiswahili akiwa tayari anajua kusoma ni nini.