Wapenzi wa Falaki na Vyombo Vipitavyo Karibu na Dunia

Tangu mwaka 1957, mwanadamu alipoanza kurusha vyombo vyake nje ya anga, imekuwapo jamaa ya watu wasiolipwa mshahara wala kuamriwa na serikali yoyote, ambao mchana ni walimu, makarani, matabibu au mafundi, na usiku, majirani zao wakiwa wamelala, huelekeza darubini mbinguni wavione vyombo hivyo vikipita, wavipime mwendo, na wavipige picha. Vitabu vikubwa vya tarehe ya safari za anga huwataja kwa nadra, na aghalabu kwa sentensi moja, kana kwamba hawakuwa ila mashabiki waliosimama pembeni ya uwanja. Naona wamedhulumiwa. Mwenye kuzifuata habari zao kwa taratibu atakuta kwamba zaidi ya mara moja mabingwa wa elimu hii walipungukiwa na macho, na macho ya watu hawa wa ridhaa ndiyo yaliyowasitiri.

Asili ya mambo ni mwaka 1956, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako Fred Whipple, mkuu wa kituo cha falaki cha Smithsonian, alikuwa akijiandaa kwa ajili ya miezi ya kutengenezwa na binadamu iliyotarajiwa kurushwa muda si mrefu. Mpango wake ulikuwa kuweka kamera 12 kubwa sehemu mbalimbali za dunia, mathalan Olifantsfontein kule Afrika Kusini na Shiraz katika Iran. Lakini kamera kama hiyo, hata ikiwa hodari namna gani, ni lazima iambiwe mapema ielekee upande gani na saa ngapi, na chombo kilichorushwa punde hakina mtu wa kukitolea habari hizo. Basi Whipple akatoa mwito kwa raia wa kawaida, vijana na wazee, wanawake na wanaume, wajiunge katika vikundi vya watazamaji, na mpango huo ukaitwa Moonwatch. Walikuwapo wataalamu walioshuku kama watu wasio na shahada wangeaminiwa katika jambo zito la namna hii.

Utaratibu wao unastahili kuelezwa kwa tuo. Wakati wa magharibi, au kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa ni nyakati hizo tu ambapo mtazamaji yumo gizani ilhali chombo kilicho juu bado kinamulikwa na jua, kikundi kiliketi safu moja, kila mtu na darubini yake ndogo yenye kioo cha kuakisi mbele, hata akawa anainama kuitazama mbingu badala ya kuinua shingo. Katikati ya safu palisimikwa mlingoti mrefu. Kila mmoja aliaminiwa kipande kimoja cha ule mstari wa kufikirika unaoigawa mbingu toka kaskazini hadi kusini, na vipande vyao vilipandana kidogo kingoni, hata kikundi kizima kikawa kimetanda macho yao kama wavuvi watandavyo juya, na chombo kitokacho magharibi kwenda mashariki hakina budi kulikata. Yule ambaye nukta ya nuru ilipita mbele ya darubini yake alipaza sauti papo hapo, na sauti yake ikanaswa kwenye utepe pamoja na milio ya saa iliyokuwa ikitangazwa na redio. Toka kwa sauti hiyo na milio hiyo zilipatikana hesabu za njia ya chombo.

Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, kamera kubwa za Whipple zilikuwa bado hazijakuwa tayari, na watu wa kwanza katika mtandao wake kuleta habari za macho walikuwa watazamaji wa ridhaa, wakianzia Australia, kisha Marekani yenyewe. Aghalabu walichokiona hakikuwa ule mpira wenye kipenyo cha sentimita 58, uliokuwa hafifu mno kwa macho matupu, bali mwili wa roketi iliyoupeleka, uliokuwa ukizunguka nao katika njia ileile. Na hesabu zilizopatikana kwa roketi hiyo zilikuwa na faida kubwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 5 Septemba 1962, watazamaji wa Milwaukee, waliokuwa wamekesha kwa kuwa hesabu zilionyesha kwamba chombo kingine cha Kirusi kilikuwa karibu kuanguka, walikishuhudia kikiungua juu ya jimbo lao la Wisconsin, na kipande chake chenye uzito wa kilo 9 hivi kikaokotwa katikati ya barabara ya mji wa Manitowoc. Moonwatch iliendelea hata mwaka 1975.

Pwani yetu haikuwa nje ya mambo hayo. Tunguu, kisiwani Unguja, palijengwa kituo cha Wamarekani cha kuwasiliana na vyombo vya Mercury vilivyobeba wanaanga wao, na mmoja wao, John Glenn, alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na watu wa kituo hicho alipokuwa akipita juu yetu. Lakini kazi ile ilikuwa ya redio na ya watu wa mikataba, na kituo kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 3 Januari 1959, chombo cha Kirusi Luna 1 kilikuwa kimemwaga wingu la sodiamu juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa zaidi ya kilomita 100,000, makusudi ili wenye darubini walioko ardhini wakitambue mahali kilipo. Warusi nao, kwa hiyo, waliona haja ya kuonekana.

Vyombo viendavyo kwenye sayari vina shani nyingine. Vikishaondoka haviwi tena na mazunguko ya kila usiku, na mpenzi wa darubini hana njia ya kuviona isipokuwa vikirejea karibu na dunia. Na kurejea kwenyewe kuna sababu. Chombo kizito ambacho roketi haina nguvu za kukifikisha moja kwa moja hupangiwa kuipita dunia, au sayari nyingine, kwa karibu sana, na uvutano wa sayari hiyo, ambayo yenyewe inakwenda mbio kulizunguka jua, humgeuzia msafiri njia na kumwongezea mwendo bila ya kutumia mafuta. Chombo cha Ulaya kilichoitwa Giotto kilikuwa cha kwanza kurudi toka anga za mbali na kuipita dunia, mwezi Julai 1990, na Galileo cha Marekani kikafuata mwezi Desemba mwaka huohuo, kikapita tena Desemba 1992 kwa umbali wa kilomita 300 hivi tu. Katika miaka hiyo vipokea nuru vya kielektroniki vilianza kushuka bei hata vikafika mikononi mwa raia, navyo vilinasa nuru dhaifu kupita filamu yoyote. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kusimama uani kwake na kupiga picha ya chombo kilicho umbali wa makumi ya maelfu ya kilomita.

Habari ya Rosetta ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Chombo hiki, kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 2 Machi 2004 kwenda kukutana na nyota yenye mkia iitwayo 67P/Churyumov-Gerasimenko, kiliipita dunia mara tatu, Machi 2005, Novemba 2007 na Novemba 2009. Katika mara ya kwanza Shirika liliwaalika wapenzi wa falaki walete picha zao. Mara ya pili hakukuhitajika mwaliko, kwa maana yalizuka mambo ambayo hayakutazamiwa. Mwanzoni mwa Novemba 2007 darubini za Catalina huko Arizona, zinazotafuta mawe ya angani yawezayo kuigonga dunia, ziliona nukta ikija. Vipimo vikakusanywa, na ile ofisi ya kimataifa ya kuandikisha sayari ndogo, ambayo makao yake ni palepale Cambridge alipokuwa Whipple, ikaisajili kwa jina la 2007 VN84 na kutangaza kwamba ingepita karibu mno na dunia tarehe 13 Novemba. Mrusi mmoja, Denis Denisenko wa Moscow, alipolinganisha njia ya jiwe hilo na ratiba ya vyombo alivyokuwa akivifahamu, akabaini kwamba jiwe halikuwapo: ilikuwa Rosetta ikirudi nyumbani kwa miadi yake. Jina likafutwa, na ofisi ile ikalalamika kwa maneno makali kwamba hapakuwa na daftari moja la wazi la kuonyesha vyombo vya mbali viko wapi.

Nalitilia uzito tukio hili, kwa sababu linaonyesha wazi jinsi dola tajiri, zilizotumia mali isiyo na kifani kutengeneza chombo chenye mabawa ya mita 32, zilivyokuwa hazijaona haja ya kuwajulisha walinzi wa mbingu kwamba kinapita. Wala si mara ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka 2002 Bill Yeung, mpenzi wa darubini, aligundua kitu kikiizunguka dunia, na wataalamu walipoichambua nuru yake wakakuta dalili za rangi nyeupe iliyopakwa roketi za Apollo. Inasadikiwa kuwa ni kipande cha roketi ya Apollo 12, iliyoondoka mwaka 1969. Na Januari 2025 jiwe jingine liliandikishwa, likafutwa kabla ya siku mbili kwisha, kwani lilikuwa gari la Tesla lililorushwa kwa mzaha mwaka 2018.

Mwenye kutaka kupiga picha ya namna hii huanza na hesabu, wala si kamera. Chombo kikiwa umbali wa kilomita 12,700 juu ya Kenya, kama ulivyokuwa umbali wa chombo kiitwacho BepiColombo kilipoikaribia dunia tarehe 10 Aprili 2020, mtu wa Mombasa na mtu wa Nairobi wangekiona kati ya nyota tofauti, wakihitilafiana kiasi cha upana wa mwezi mpevu mara nne. Kwa hiyo ratiba ni lazima ihesabiwe kwa mahali hasa mtu aliposimama. Saa nayo iwe sahihi, maana kitu kinachokwenda kilomita kadhaa kila sekunde hakimsubiri mwenye kuchelewa. Kisha huchagua mojawapo ya njia mbili: ama darubini ifuate nyota, na chombo kitokee kama mstari mwembamba, au ifuate chombo, nacho kibaki nukta, nyota zote zikiwa mistari. Kikiwa mbali zaidi, hupigwa picha fupifupi nyingi zikarundikwa juu ya nyingine kwa mashine, mpaka nuru ambayo katika picha moja haionekani ikajitokeza. Umbo halionekani kamwe, na asiyejua atasema ni doa.

BepiColombo kilipita watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na Shirika la Ulaya likawaomba walete picha zao. Wengi wakazipiga toka barazani na uani. Tarehe 16 Oktoba 2022 Lucy cha Marekani kilipita kwa umbali wa kilomita 360 hivi, chini ya kituo cha kimataifa cha anga, na watu wa Australia Magharibi wakakiona kwa macho matupu dakika chache kabla ya kuzama katika kivuli cha dunia.

Chombo cha Ulaya Juice, kinachokwenda Mshtarii, kiliipita dunia Agosti 2024, na kwa ratiba yake kitapita tena Septemba 2026 na Januari 2029. Europa Clipper cha Marekani kimepangiwa Desemba 2026. Hesabu za njia zao hutolewa bure kwa kila mwenye kuziomba, za Lamu, za Tanga na za Unguja pia, na darubini zinazofaa kwa kazi hiyo zimo katika baadhi ya shule na vyuo vyetu.