Mama Mwenye Kamera wa Baringa

Mwezi Mei 1904, baba mmoja aitwaye Nsala alifika katika misioni ya Kiprotestanti ya Baringa, katika Tshuapa ya leo, akibeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni iliyowashurutisha watu kuvuna mpira wa msituni. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimwomba aketi barazani, akampiga picha.

Wakati ule mwanamke misionini alihesabiwa kuwa msaidizi wa mumewe tu, na sifa nyingi zilimwendea mume, John. Hata hivyo, picha za Alice zilionyeshwa Uingereza na Marekani, zikawaziba midomo waliokanusha ukatili huo. Mwaka 1908 Mfalme Leopold II alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Leo Arlette Bashizi, binti wa Kongo, anapiga picha za vita vya mashariki. Wapendwa vijana, dada wa parokia yetu akiitamani kazi hiyo, tutamwambia si ya wanawake? Tumkumbuke Boali: jina lake tunalijua kwa sababu mwanamke mmoja alikubali kuwa shahidi.