Msumeno Mwembamba na Nakshi za Kutoboa

Watu wengi wakisikia habari za nakshi za mbao za pwani yetu, hukumbuka mara moja mlango wa Unguja: miimo yake iliyochongwa minyororo na maua ya yungiyungi, na misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa safu safu. Mlango huo umekwisha kuandikwa sana, wala sina haja ya kuongeza. Lakini mtu akiinua macho juu ya mlango ataona kazi ya pili ambayo haisemwi: vibao vyembamba vilivyotobolewa, vimepangwa ukingoni mwa paa na mbele ya roshani kama lesi iliyoshonwa kwenye upindo wa nguo. Hii si kazi ya patasi. Ni kazi ya msumeno, nayo ina historia yake.

Yafaa kwanza tueleze jinsi inavyofanywa, maana asiyejua njia hawezi kuithamini. Fundi huchora nakshi juu ya ubao, kisha kwa keekee hutoboa tundu dogo katika kila mahali patakapokuwa wazi. Msumeno wake ni uzi wa chuma wenye meno, umevutwa katika fremu mfano wa upinde. Hufungua ncha moja, hupenyeza uzi ule tunduni, huufunga tena, ndipo akate kwa kufuata mstari. Kwa kuwa uzi ni mwembamba, waweza kugeuka katika kona ambayo msumeno mpana ungekwama. Akimaliza tundu moja hufungua tena na kuhamia la pili. Ubao mmoja waweza kuwa na matundu 30 au 40, basi pimeni wenyewe subira yake. Aidha lazima ajue mishipa ya mti. Akiacha shingo nyembamba inayokatisha mishipa, itavunjika siku ile ile, au mbaya zaidi, itavunjika baada ya kulipwa.

Huko Ulaya msumeno wa namna hii ulikuwako tangu karne ya 16, wakati mafundi walipokuwa wakikata vipande vya miti ya rangi mbalimbali ili kupamba meza na makabati. Katika karne ya 19 ukaingizwa katika mashine ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, hata mikono yote miwili ikawa huru kuongoza ubao. Hapo nakshi ikawa rahisi. Nyumba za mbao za Marekani na za milima ya Uswisi zikavishwa mapambo ya kutoboa, na desturi hiyo ikasafiri pamoja na Wazungu mpaka Bara Hindi.

Sasa tazameni mambo yalivyokutana Unguja. Mwaka 1859 Barghash bin Said aligombea ufalme na ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Alikaa huko kiasi cha miaka 2, katika mji uliokuwa ukijengwa kwa haraka. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa; mwaka 1870 Barghash akatawala; na mwaka 1872 meli za barua za moshi zikaanza kufika Unguja kwa majira. Msaji wa Bara Hindi, ambao haupendwi na mchwa, ukaja pamoja na mafundi wanaoujua. Mwaka 1883 Sultani akajenga Beit al-Ajaib, na matajiri wakataka nao waonekane.

Katika hao hakuna aliyeacha kumbukumbu nzuri kuliko Tharia Topan, Mwismailia aliyepata kusimamia ushuru wa forodha. Mwaka 1887, katika jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, aliweka jiwe la msingi la hospitali karibu na bandari. Hakuiona imekwisha, kwani alifariki mwaka 1891. Mwaka 1900 jumba lilinunuliwa kwa mali ya wakfu wa Haji Nasser Nur Mohammed, chini pakawa zahanati. Roshani zake ndizo mfano mkubwa wa nakshi za kutoboa katika pwani nzima. Jina la tajiri twalijua, la mnunuzi twalijua; majina ya waliopenyeza uzi tunduni hayakuchongwa popote pale jumbani.

Wako wasemao kwamba msumeno uliharibu ufundi, kwa sababu kibao cha kwanza na cha mia hufanana. Mimi sikubaliani nao. Hata mchonga milango alikuwa na vielelezo alivyorithi, akavirudia maisha yake yote. Msumeno ulifanya jambo jingine: uliwezesha mwenye duka dogo kuwa na kibao cha nakshi juu ya dirisha lake, si Sultani peke yake. Tena vile vibao havikuwa pambo tupu. Juu ya mlango viliruhusu upepo kupita usiku mlango umefungwa, na mbele ya roshani viliwapa wanawake wa nyumbani kuona njia bila kuonekana.

Haja ya upepo haijaisha. Hapa Goba, ambako si zamani sana palikuwa mashamba, nyumba zaongezeka kila mwaka, na kandokando ya barabara twasikia mashine za maseremala. Mashine ya mkono waitumiayo kukatia mikunjo ilibuniwa Uswisi mwaka 1946 na Albert Kaufmann. Yasimuliwa kwamba alitoa sindano ya cherehani ya mkewe, akatia kipande cha msumeno badala yake. Ina nguvu, lakini uzi wake ni mpana, hivyo kona ndogo bado zataka msumeno wa zamani. Shida kubwa, kwa maoni yangu, si chombo. Ni vielelezo. Mwenye nyumba akiomba nakshi, fundi humwonyesha moyo, nyota, au ua moja alilozoea, basi. Mwenye nyumba huona afadhali kioo na alumini, kisha hulalamikia joto.

Na vielelezo vyapotea. Katika mitaa ya Uhindini mjini Dar es Salaam nyumba nyingi zenye roshani za mbao zimebomolewa ili kupisha maghorofa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, watu 2 wakafa. Kinyume chake, jumba la Tharia Topan lilitengenezwa upya katika miaka ya 1990 na shirika la Aga Khan, na vibao vilivyooza vikakatwa tena kwa kuiga vilivyosalia. Kuiga huko hakuhitaji fedha nyingi. Karatasi hubandikwa juu ya kibao cha zamani, mkaa husuguliwa taratibu, na matundu yote hujionyesha kwa ukubwa wake wenyewe. Kazi hiyo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kwa asubuhi moja, maadamu nyumba ingali imesimama.