‘Surprise’: Mirambo aliwashangaza au aliwashtukiza?

NENO la Kiingereza ‘surprise’ huwatatiza wanafunzi na wafasiri wengi, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana zake zote.

Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kumkamata mtu bila yeye kutazamia. Katika Kiingereza cha karne ya 15 lilihusu shambulio la ghafla. Maana ya hisia, yaani mshangao, ilifuata baadaye.

Maana hiyo ya kale inaonekana wazi katika historia ya Tabora. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji, kutokana na mgogoro wake na wafanyabiashara Waarabu. Mwezi Agosti Waarabu hao walikwenda kumpiga, wakiwa pamoja na Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone. Kikosi chao kimoja kiliteka kijiji cha Wilyankuru. Kilipokuwa kikirudi na pembe za ndovu na mateka, watu wa Mirambo waliojificha majanini kandokando ya njia walikivamia na kukishinda. Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini, akafika Ujiji mwezi Novemba.

Mfasiri akiandika kwamba Mirambo ‘aliwashangaza’ Waarabu, msomaji atadhani waliduwaa tu kwa ushujaa wake. Mbinu iliyoleta ushindi itakuwa imefutika. Tafsiri sahihi ni ‘aliwashtukiza’, au ‘aliwavizia’ iwapo tunakusudia kule kujificha na kungoja.

Kwa upande wa hisia, yapo maneno matatu yanayokaribiana. Kushtuka ni kwa ghafla, na aghalabu huandamana na hofu. Kushangaa ni kukutana na jambo usilolitarajia, pengine hata ukapigwa na butwaa. Kustaajabu, neno lenye asili ya Kiarabu sawa na ‘ajabu’, hufaa kwa mambo makubwa au yasiyo ya kawaida. Ndiyo maana wahenga walisema: ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Mijini siku hizi watu husema ‘sapraizi’ kwa zawadi au sherehe iliyoandaliwa kwa siri. Hata hapo, ‘kumshtukiza mtu kwa zawadi’ ni Kiswahili fasaha.

Basi, kabla ya kufasiri, mfasiri ajiulize kwanza: linalozungumzwa ni tendo la mshambuliaji, au ni hisia ya aliyeshambuliwa?